Sungura Asiyetiwa Ugoro

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na lau ningeweza ningeisahau. Ilikuwa Alkhamisi, hapa hapa Ibra, Omani, asubuhi, watu wameshamaliza kahawa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, na mkononi nimeshika nyundo. Sogea karibu nikuhadithie. Si hadithi ya kumpa sifa mwenye kuihadithia, lakini mzee anayeficha makosa yake huwaachia watoto kazi ya kuyarudia.

Marehemu baba yangu alizaliwa Unguja mjini, na huko alikuwa muuza tumbaku. Alikuwa na kiduka cha mlango mmoja, na ugoro wake akiutwanga mwenyewe, hata nguo zake mama akizifua mara mbili bado zikinukia. Duka la pili yake lilikuwa la Mchina mmoja mzee, kazi yake kununua majongoo ya pwani kwa wavuvi, akiyachemsha, akiyaanika, akiyapeleka kwao. Watu wakimwita Babu Majongoo, na mwenyewe akiitika bila ya kuona vibaya. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza na baba hakujua hata neno moja la Kichina, lakini walikuwa wakikaa pamoja kila siku baada ya Alasiri, mmoja anampa mwenziwe ugoro, wanapiga chafya, wanacheka. Urafiki mwengine hauhitaji maneno mengi.

Babu Majongoo alipozeeka na kutaka kurudi kwao, alimletea baba vichupa vitano vya ugoro vilivyofungwa ndani ya kitambaa. Vilichongwa kwa jiwe la sabuni, jiwe laini ambalo ukilikwaruza kwa ukucha linaacha alama, na ukilishika linateleza mkononi kama limepakwa mafuta. Kila kimoja kilikuwa mnyama. Palikuwa na chura wa rangi ya majani makavu, bata aliyegeuza shingo akalaza mdomo mgongoni, samaki mwenye magamba yaliyochorwa moja moja, ng'ombe aliyelala amekunja miguu, na sungura mweupe mwenye masikio yaliyolala nyuma. Mkubwa wao hakuzidi yai la kuku. Kichwani au mgongoni mwa kila mmoja palikuwa na kizibo, na chini ya kizibo kijiko cha mfupa, chembamba kama njiti, cha kuchotea ugoro.

Mambo ya Unguja yalipoharibika, baba na mama wakahama wakaja huku, mimi mtoto wa miaka mitano. Watu waliondoka na walichoweza kubeba. Mama alichukua Msahafu, nguo zetu na sufuria moja. Baba aliwachukua wale wanyama watano, akawaweka katika mifuko ya koti lake, na safari nzima hakulivua koti lile, na joto lote lile. Nyumba tuliyoipata Ibra ilikuwa na kidaka ukutani, pale chumba cha kupokelea wageni. Akawapanga humo. Nikakua nikiwaona.

Na kila siku, akirudi msikitini kwa sala ya Alfajiri, kabla hajaonja kahawa, baba alikuwa akienda pale kidakani akimshika yule sungura. Akipitisha kidole gumba juu ya sikio lake, mara moja, mara mbili, polepole, kisha akimrudisha mahali pake. Baada ya hapo ndipo akimfungua chura akanusa ugoro wake. Hayo niliyaona miaka yote ya utoto wangu, mwanangu. Sikuwahi kuuliza. Wazee wamesema kuuliza si ujinga, lakini kijana huona anachokiona kila siku hakina la kuulizwa.

Nilipokuwa mkubwa nikapata kazi ya gereji kule Firq, nje kidogo ya Nizwa. Nikilala huko na mafundi wenzangu, nikirudi Ibra kila wiki mara moja. Kazi niliipenda. Kilichonitesa ni ulimi wangu. Nyumbani tukisema Kiswahili, na Kiarabu changu kilikuwa kinachechemea. Mafundi wenzangu wakiniita Zinjibari, yaani mtu wa Unguja. Hawakuwa watu wabaya, ilikuwa mzaha wa vijana, lakini ukirudiwa asubuhi na jioni mzaha hugeuka mwiba. Nikitaja neno vibaya, mtu anakimbilia kumwita mwenziwe aje asikie.

Basi nikatafuta pa kuificha aibu yangu. Nikasema, kama ulimi wangu utanishinda, nitawapita hawa kwa ucha Mungu. Nikafuga ndevu. Nikisikiliza kanda za mawaidha nikiwa chini ya gari, nikiyashika nusu na nusu yakipotelea katika kelele za nyundo. Nikaanza kukosoa watu: huyu kanzu yake, yule salamu yake. Dini haikuwa na kosa lolote, mwanangu. Kosa lilikuwa langu, niliyeivaa kama kanzu ya kuazima ili watu wasitazame viraka vyangu.

Wiki moja nikamkaribisha nyumbani fundi mwenzangu, jina lake Said, mtu wa Nizwa. Nilifurahi sana kwamba amekubali, maana yeye ndiye niliyetaka anione mtu. Mama akapika wali wa nazi na samaki, baba akavaa kanzu safi. Tulipokwisha kula, Said akanyanyua macho akaviona vile vichupa kidakani.

"Na masanamu haya?" akauliza.

Baba akacheka. Akamjibu kwa Kiarabu chake kile cha kukatikakatika: "Hawa wageni wangu. Wametoka mbali kuliko mimi." Akamchukua samaki, akafungua kizibo, akamkaribisha Said ugoro. Said akakataa kwa adabu, akashukuru.

Lakini nilipomsindikiza mlangoni, alinishika bega akasema huku anacheka: "Zinjibari, malaika nyumbani kwenu wanaingilia dirisha lipi?"

Akaenda zake. Nafikiri hata kabla hajafika penye gari alikuwa ameshasahau alichosema. Mimi sikusahau. Nilirudi ndani uso unaniwaka, nikamtazama baba yangu, mzee wa watu, amekaa na ugoro kwenye masharubu, anasema na mama Kiswahili, na nikaona haya. Nakwambia kweli na Mungu ananisikia: nilimwonea haya baba yangu mzazi. Nikajidanganya kwamba ni hasira kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Asubuhi yake ndiyo hiyo Alkhamisi. Baba alitoka kwenda sokoni kutazama mbuzi, na mama alikuwa kwa jirani aliyejifungua. Nikavichukua vile vichupa vyote vitano, nikavitia katika upindo wa kanzu, nikaenda uani. Pale uani palikuwa na jiwe la bapa ambalo mama akipondea kokwa za tende kwa ajili ya chakula cha mbuzi. Nikaviweka juu yake.

Nilidhani vitapasuka kama chupa za kioo. Havikupasuka. Jiwe la sabuni halina kishindo. Bata alikatika shingo bila ya sauti, kama kipande cha jibini, na kila nilipopiga alizidi kuwa unga. Samaki akawa unga. Ng'ombe akawa unga. Chura alikuwa amejaa ugoro, ukaruka ukanipata puani, nikawa napiga chafya na machozi yananitoka, na bado nagonga. Katika kugonga nikajipiga kidole, kikachanika ukucha, damu ikadondokea ule unga mweupe.

Sungura alikuwa wa mwisho. Nikamfungua kizibo nikaona hana ugoro. Ndani mkavu, safi, hana hata harufu ya tumbaku. Nikamgeuza, nikaona juu ya sikio lake moja vishimo vidogo vinne, viwili juu, viwili chini. Nikasema moyoni, huyu aliharibiwa na fundi aliyemchonga.

Hapo, mwanangu, Mungu alinipa nafasi. Mtu ameshika chupa ya ugoro isiyowahi kutiwa ugoro, katika nyumba ya mnusaji ugoro, na amemwona mwenyewe akiishika kila siku. Hata mjinga angesimama akajiuliza. Mimi sikusimama. Nikampiga mpaka sikio na mwili havikuweza kutambulikana.

Mama ndiye aliyerudi kwanza. Akaja uani, akauona ule unga, akaniona na nyundo. Hakuelewa mara moja. Kisha akaviona vizibo na vile vijiko vya mfupa, akapiga magoti.

"Sungura," akasema. "Sungura yuko wapi? Seif, sungura umemwacha?"

"Nimewavunja wote, mama. Haifai kuweka sanamu nyumbani. Malaika hawaingii nyumba yenye..."

"Nyamaza!" Mama yangu hakuwahi kuniambia nyamaza kwa sauti ile. Akawa anaupapasa ule unga kwa mikono miwili. Kisha akakaa chini kabisa, mikono imemlegea mapajani, akanambia jambo ambalo hawakuwahi kunambia.

Kabla yangu alizaliwa mtoto wa kike. Jina lake Zuhura. Alipokuwa anaota meno alikuwa akilia mchana kutwa, hatulii kwa chochote, mpaka baba akampa yule sungura, akiwa bado mpya hata hajatiwa kitu. Lile jiwe ni baridi na laini, na mtoto akapenda kuliuma. Akiliuma sikio lile lile kila siku, mpaka vile vijino vyake vinne vya mbele vikaacha alama. Hakufikia kuota vyengine. Alipata homa, akakaa siku tatu, akafariki. Hakupigwa picha hata moja. Nguo zake walimpa mtoto mwengine avae, kwa kuwa ndiyo ada. Kaburi lake lilibaki Unguja.

"Baba yako hajapata kumtia ugoro yule sungura," mama akasema. "Kile ndicho kitu pekee duniani mtoto yule alichokigusa kikabaki na alama yake. Sisi hatuna chengine. Na sasa hicho nacho hatuna."

Nikamwuliza kwa nini hawakunambia. Akanitazama akasema, "Ulituuliza lini?"

Baba akaingia uani baadaye kidogo, amebeba kifurushi cha dengu. Ningependa kukwambia kwamba alipiga kelele, au alinipiga, maana ingenifaa zaidi. Alisimama. Akaliangalia jiwe, akamwangalia mama, akaniangalia mimi. Halafu akasema:

"Mkono wako unatoka damu. Umeumia?"

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hoja, nina aya na hadithi nilizozishika nusu nusu, na hakunipa pa kuzitumia. Akanikosha kidole kwa maji ya birika, akakifunga kwa kipande cha kitambaa. Alipokwisha, akaenda jikoni akaleta ungo wa mama. Akachuchumaa, akawa anauchota ule unga na kuupepeta kwenye ungo, polepole, kama mwanamke anayetafuta chuya katika mchele, anatafuta kipande cha sikio. Mama akakaa upande mmoja wa ungo. Mimi nikataka kusaidia, akasema, "Wewe pumzisha mkono." Wakapepeta mpaka Adhuhuri ikaadhiniwa. Hawakupata kitu.

Baba akainuka, akajipukuta kanzu. "Basi," akasema. "Yatosha." Akanigeukia. "Mwanangu, ungeniuliza, ningekwambia." Akaenda kutawadha.

Siku ile ile Alasiri nilikwenda kwa Mwalimu Humud, mzee aliyetusomesha Kurani watoto wote wa mtaa wetu. Nilikwenda kutafuta wa kunipa haki. Nikamhadithia, lakini niliyapamba maneno, nikayafupisha yaliyonielemea. Alikuwa anatengeneza ukanda wa kiatu chake, hakuacha kazi yake, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hukumu ya masanamu tutaizungumza siku nyengine," akasema. "Nambie kwanza, baba yako alikuwapo ulipovunja?"

"Hakuwapo."

"Ulingoja atoke?"

Nikakiri kwamba ndiyo, nilingoja atoke.

Akaweka kiatu chini. "Basi usinambie ulikataza mabaya. Anayenasihi humkabili mtu usoni, akamkalia karibu, akateremsha sauti yake. Wewe ulivizia. Lau ulikuwa na yakini na ulilonalo, ungekuwa na ushujaa wa kumwambia, na lau ungemwambia ungesikia khabari ya yule mtoto, na mngejua pamoja la kufanya. Hukumwogopa Mungu, Seif. Uliwaogopa watu wa Firq."

Nimeishi mpaka nimeota mvi, nimesikia maneno mengi ya wanazuoni na wasiokuwa wanazuoni. Sijasikia neno lililonichoma kama lile, na nilijua ni kweli kabla hajalimaliza. Nikaomba ruhusa nikatoka, na nilipofika njiani nikalia.

Nikajaribu kutengeneza nilichoharibu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga hakosi kuinama na kufuta. Nikatembea masoko. Nikatafuta Nizwa, kwa wale wauza fedha na majambia ya zamani. Nikafika Sinaw siku ya mnada, katikati ya ngamia na mabedui, nauliza kama kuna aliyemwona sungura wa jiwe. Watu wakidhani nina wazimu. Mwisho nikaelekezwa Sur, kwa bibi mmoja mjane wa nahodha, ambaye mumewe alikuwa akileta vitu vya ajabu kutoka safarini. Bibi yule alisema Kiswahili kizuri. Nilipomwamkia shikamoo, alifurahi hata akanishika mkono asiuachie. Nikamhadithia yote, safari hii bila ya kupamba. Akaingia ndani akatoka na kichupa cha jiwe la sabuni, sungura, mweupe, karibu sawa kabisa na yule wetu. Sikuamini macho yangu. Nilipotaka kumlipa akakataa.

"Mpelekee baba yako na salamu zangu," akasema. "Lakini mwanangu, usimtwishe mzee kazi ya kujifanya amefurahi."

Maneno hayo sikuyafahamu. Nilirudi Ibra nimejaa matumaini kama mtoto siku ya Idi. Nikampa baba kile kichupa kwa mikono miwili. Akakipokea, akakigeuza, akasema kizuri. Halafu nikakiona kidole gumba chake kinakwenda juu ya sikio, mara moja, mara mbili. Lilikuwa laini tupu.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Mzuri sana huyu. Basi tu, huyu hajaumwa na mtu."

Na alipouona uso wangu, masikini, akafanya haraka kumtia ugoro, akanusa mbele yangu, akapiga chafya kubwa ya kunichekesha. Hapo ndipo nikayafahamu maneno ya bibi wa Sur.

Nilimwomba msamaha, naam. Nilimbusu kichwa na mikono. Akanambia alishanisamehe tangu yuko kwenye ungo. Nami namsadiki, kwa sababu hakunitupia neno hilo tena maisha yake yote, wala kwa utani wala kwa hasira. Lakini wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Alfajiri nyingi baada ya hapo nilimwona anaingia kutoka msikitini, anakwenda moja kwa moja kidakani, ananyanyua mkono, kisha anakumbuka. Anasimama pale kidogo kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Halafu anakaa anaomba kahawa. Mama alikuwa akigeuza uso asimwone, na mimi nikijidai nafunga kilemba.

Nilipooa na kujaaliwa binti, nilitaka kumwita Zuhura. Nilidhani nitamfurahisha. Baba akatikisa kichwa. "Mpe jina lake mwenyewe," akasema. "Kila mtoto na aje na njia yake. Usimlete huyu kujaza pahala pa mwenziwe." Tukamwita Asila. Alimpenda mno, akimbeba mabegani mpaka magoti yakamshinda.

Miaka michache baadaye baba akashikwa na maradhi ya moyo, akalazwa. Nikamkalia hospitalini. Mchana mmoja, wageni wameondoka, nikapata ushujaa ambao nilitakiwa kuwa nao zamani. Nikamwambia, "Baba, nihadithie Zuhura alikuwaje."

Akafurahi, niliona alivyofurahi. Akanambia alikuwa na nywele nyingi. Akanambia alikuwa akilia sana anapotiwa maji kichwani. Akanambia jina ambalo alikuwa akimwita, jina la mzaha, ambalo sitalitaja kwa sababu lilikuwa lao wawili. Kisha macho yake yakawa yanatafuta kitu kwenye dari.

"Uso wake umenipotea, Seif," akasema. "Nilikuwa nikishika pale, uso unakuja. Sasa nashika moyoni peke yake, na moyo nao umezeeka."

Nikamfunika miguu. Baba alifariki wiki ile, Mwenyezi Mungu amrehemu, amkutanishe na binti yake pale ambapo nyuso hazisahauliwi.

Baada ya kumzika nilisafiri kwenda Unguja, mara yangu ya kwanza tangu utoto. Mama alinielekeza makaburi yalipo, karibu na msikiti fulani, upande wa kibla, penye wembamba wa njia. Nilikuta nyumba zimejengwa, na watu wanaishi humo na watoto wao na nguo zao kwenye kamba. Mzee mmoja akanambia makaburi ya watoto yalikuwa hapo zamani, lakini hakuna anayejua la nani ni lipi. Nikasoma Fatiha nimesimama njiani, watu wananipita. Nikarudi.

Sasa sikiliza, mwanangu, nimekuchosha kwa maneno na bado sijakwambia nilichokuitia.

Naona siku hizi kijana anamtumia bibi yake kwenye simu sauti ya mtu asiyemjua hata jina, ya kumkosoa bibi namna anavyowalilia maiti wake. Naona watoto wanarudi kutoka vyuoni Maskati na nchi za mbali, wanaingia nyumba za wazee wao kama wakaguzi, hiki kitupwe, hiki kishamba, hiki haramu, hiki hakina faida. Pengine wana haki. Sikwambii wazee hawakosei; mimi mwenyewe mzee na nimekuonyesha nilivyokosa. Ninachokwambia ni kwamba katika nyumba ya mzee kuna vitu na ada ambazo maana yake haikuandikwa popote ila ndani ya kifua chake. Ukikuta jambo hulifahamu, uliza. Kaa chini uulize, na ukishauliza usikilize, kisha uulize tena. Ukiona baada ya hapo bado kuna la kurekebisha, mwambie usoni kwake, kwa sauti ya chini, wakati mko wawili, na mwachie mwenyewe mkono wake ufanye. Jambo la haki likifanywa kwa kuvizia, haki yake hupotea.

Na kabla ya kumrekebisha mtu, jitazame wewe unamwogopa nani. Ukiona unayemwogopa ni rafiki aliyekucheka mlangoni, weka nyundo chini. Lala, uamke, ndipo uamue.

Na la mwisho, waulize wazee wako khabari za waliokufa. Usingoje kama nilivyongoja mimi. Waambie wakutajie majina, na walikuwa wakicheka vipi, na walikuwa wakililia nini. Mzee hachoki kuulizwa hayo. Anachoka kuyabeba peke yake.

Nenda, mwanangu, na Mola akutangulie. Akupe ulimi wa kuuliza na moyo wa kungojea jawabu. Akujaalie wazazi wako wafe wako radhi nawe, na wala usiwe na siku ya kuikumbuka kama hii yangu. Akulindie watoto wako waliopo na watakaokuja, na akuzeeshe katika nyumba ambayo vijana wake hukukalia karibu wakakwambia, tuhadithie. Amin, amin, ya Rabbi.